Kifurushi Chenda Ng'ambo: Tuliyoyaona Bukoba na Muleba



Mwaka jana mwenzetu mmoja, mjane mwenye mikarafuu michache na kishamba cha mdalasini hapa Pemba, alipata mnunuzi Ujerumani. Hakumpata kwa dalali wala kwa barua. Alimpata kwa picha ambazo binti yake alizitia katika intaneti. Mnunuzi alitaka paketi 24 za viungo, gramu 100 kila moja: mdalasini, iliki na pilipili manga. Bei ilikuwa dola 4 kwa paketi, jumla dola 96. Fedha zikalipwa, kifurushi kikafungwa, kikapelekwa. Majirani wakasema, naam, sasa dunia imekuwa ndogo.

Baada ya wiki kumi na moja kifurushi kikarudi. Kona moja imelowa, mkanda umekatwa ukafungwa tena, na juu yake umegongwa muhuri wa forodha ya kule. Mnunuzi alikwisha choka kungoja, akadai fedha zake kwa kampuni ya malipo, nayo ikazirudisha kwake. Basi mwenzetu akapata hasara mara tatu: viungo vimeharibika, nauli imekwenda, na fedha zimerudi zilikotoka. Na fedha zenyewe alikwisha lipia ada ya mtoto shuleni, hivyo akabaki na deni.

Habari hii ilipofika mbele ya kamati, wengine walisema biashara hii ya intaneti tuiache kabisa. Wengine walisema kosa ni la posta. Mzee mmoja akasema: "Wenzetu wa Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera, wauza kahawa na vanila hata Ulaya, nao wako mbali na bahari kuliko sisi. Kwa nini tusiende tukawaulize?" Kamati ikakubali, ikatupa nauli, tukafunga safari. Haya ndiyo tuliyoyaona na tuliyoyasikia.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme jambo moja ili pasiwe na fitina. Karafuu kavu ina sheria yake na njia yake, nayo ni kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makala haya hayaigusi njia hiyo hata kidogo. Twasema juu ya vile vitu vingine ambavyo wengi wetu tunavyo pembeni mwa mikarafuu: mdalasini, iliki, pilipili manga, vanila, sabuni za viungo, vikapu na mikeka.

NJIA YAO NA NJIA YETU

Mtu wa Pemba akitaka kuiona Bukoba kwa njia tuliyoipita sisi huvuka maji mara mbili. Kwanza bahari, kisha, baada ya mwendo mrefu wa bara hata Mwanza, ziwa. Tulipanda MV Victoria Mwanza jioni, tukalala melini. Meli hupitia Kemondo, kisha huingia Bukoba. Meli hii ni ya zamani, ilianza kazi mapema katika miaka ya 1960, nayo ilifanyiwa matengenezo makubwa ikarudi majini mwaka 2020. Abiria wengi bado huitaja kwa sauti ya chini meli nyingine, MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Sisi watu wa visiwani twaijua huzuni hiyo, maana hatujaisahau Spice Islander ya Septemba 2011, iliyokuwa ikija kwetu.

Zamani bidhaa za Bukoba hazikupita Dar es Salaam. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kahawa ya Bukoba ikavushwa ziwa kwenda Kisumu, kisha Mombasa. Reli ya Tanganyika ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pakawa na njia ya pili. Leo kifurushi cha mkulima wa Bukoba husafiri zaidi ya kilomita elfu moja hata Dar es Salaam, na hapo bado hakijaanza safari ya ng'ambo. Basi mwenzetu akinung'unika kwamba kutoka Wete au Chake Chake hata Dar es Salaam ni mbali, na akumbuke wenzake hao.

Lakini jambo la kwanza tulilojifunza Bukoba ni kwamba umbali sio adui mkubwa. Kila mtu tuliyemwuliza alisema hivyo hivyo: kifurushi hakipotei njiani, hupotea mezani pale kinapofungwa na kuandikwa.

MASWALI MATATU YA MAMA WA VANILA

Mjini Bukoba tulikaribishwa na mama mmoja mkulima wa vanila. Kama ilivyo desturi ya Wahaya, kwanza tulipewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri zikakaushwa, nasi tukatafuna kwa adabu ingawa meno yetu yalizoea halua. Ndipo akatuonyesha kazi yake.

Vanila yafanana na karafuu kwa mambo mengi. Ni nyepesi, ina harufu, ni ghali, na bei yake yapanda na kushuka kama mawimbi. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, alivumbua njia ya kuchavusha ua lake kwa mkono, na hata leo mkulima wa Kagera hufanya hivyo hivyo, ua moja moja, asubuhi. Kilo tano hata sita za vanila mbichi ndizo hutoa kilo moja iliyokauka vizuri, nayo yataka miezi. Mwaka 2018, baada ya kimbunga kuipiga Madagascar mwaka uliotangulia, bei ya dunia ilikaribia dola 600 kwa kilo. Kisha ikaporomoka vibaya. Kifurushi cha robo kilo kinaweza kuwa na kazi ya mwaka mzima ndani yake. Kwa hiyo mama huyu hatumi ovyo.

"Bwana Katibu," alituambia, "mimi mtu akiniandikia kutaka vanila, simtajii bei. Namwuliza kwanza maswali matatu."

Swali la kwanza: uko nchi gani na mji gani? Kwa sababu kila nchi ina sheria zake, na jibu lake ndilo hujua kama kitu kitaingia au hakitaingia.

Swali la pili: wataka ya kula nyumbani kwako, au ya kuuza? Kwa sababu mfanyabiashara huwa na leseni yake na wakala wake wa forodha, ilhali mlaji wa kawaida hana chochote ila matumaini.

Swali la tatu: ushuru atalipa nani, na lini? "Hili la tatu," alisema, "ndilo linalovunja urafiki."

Tukamwomba alieleze. Akasema mnunuzi wa Ulaya aonapo bei katika intaneti hudhani ndiyo bei ya mwisho. Kifurushi kikifika kwake, mwenye kuleta humwambia: lipa kodi, na ulipe na malipo ya kukutolea kifurushi forodhani. Hayo malipo ya pili aghalabu ni makubwa kuliko kodi yenyewe. Mnunuzi hukasirika, hukataa, na kifurushi hurudi. Muuzaji naye husema posta mbaya. Posta haina kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia mnunuzi.

Alitupa mfano wa kahawa. Ujerumani ina kodi maalumu ya kahawa, nayo ni euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, na euro 4.78 kwa kilo ya kahawa ya kuyeyuka, kama ile itengenezwayo na kiwanda cha TANICA pale pale Bukoba. Kodi hiyo hutozwa hata kama kilichotumwa ni paketi moja. Tena, tangu tarehe 1 Julai 2021 nchi zote za Umoja wa Ulaya zatoza kodi ya ongezeko la thamani kwa kila bidhaa iliyonunuliwa kutoka nje. Ule msamaha wa zamani wa vitu vya chini ya euro 22 umeondolewa. Uingereza nayo ilibadili sheria zake tarehe 1 Januari 2021: kifurushi kisichozidi thamani ya pauni 135, muuzaji ndiye anayetakiwa kushughulika na kodi hiyo wakati wa kuuza.

Na Marekani? Huko vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 vilikuwa vikiingia bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote, na mashirika ya posta ya nchi nyingi duniani yakaacha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda kule, maana hayakujua ushuru utakusanywa vipi. Mtu aliyekuwa ameuza tarehe 20 alijikuta hana pa kupitisha mzigo. Funzo lake ni hili: sheria uliyoiuliza mwaka jana usiitegemee mwaka huu. Uliza upya kila mara kabla ya kupokea fedha.

KIKAPU CHA MULEBA, AU PISHI NA MIZANI

Kutoka Bukoba tulikwenda kusini, tukapita Kemondo, tukaingia wilaya ya Muleba. Njia nzima ni migomba na mibuni pamoja katika kibanja kimoja, kivuli juu na kahawa chini. Macho yetu yalikumbuka mashamba ya Pemba, mikarafuu na minazi na migomba imechanganyika.

Huko tulikutana na kijana ambaye dada zake husuka vikapu vizuri sana. Alimwuzia mtu wa Kanada kikapu kimoja kikubwa. Kikapu kilikuwa na uzito wa kilo 2 tu, naye alipiga hesabu ya nauli ya kilo 2. Alipokifikisha kwa kampuni ya usafirishaji wa ndege akaambiwa alipe nauli ya kilo 10. Akadhani ameonewa.

Hakuonewa. Sisi wakulima wa karafuu twaweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko watu wengine, maana twajua pishi na twajua mizani. Mchumaji hupimiwa kwa pishi, yaani kwa ujazo. Karafuu kavu hupimwa kwa mizani, yaani kwa uzito. Makampuni ya ndege hutumia vyote viwili, kisha huchukua kile kilicho kikubwa. Kanuni itumiwayo sana ni hii: pima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawa kwa 5,000. Boksi la kikapu kile lilikuwa sentimita 40 kwa 40 kwa 30. Hiyo ni 48,000. Ukigawa kwa 5,000 wapata kilo 9.6, nao huongeza ikawa 10. Ndege haijali kwamba ndani mna hewa. Hewa nayo imekaa mahali.

Kijana alijifunza. Sasa dada zake husuka vikapu vinavyoingia kimoja ndani ya kingine, vitano katika boksi moja. Nauli ni ile ile, lakini imegawanywa kwa watano. Mwanachama mwenye kusuka, na asome hapa mara mbili.

SENENE NA SHERIA YA CHAKULA

Hatukuweza kufika Kagera tusisikie habari za senene. Wadudu hawa huja kwa makundi, hasa mwezi wa Novemba na Desemba, na Mhaya popote alipo duniani huwatamani kama sisi tunavyotamani pweza wa nazi. Watoto wa Bukoba walioko London, Stockholm au Toronto huwaandikia mama zao: tuleteeni senene. Basi ikawa biashara: wakakaangwa, wakatiwa katika makopo, wakauzwa kwa simu na intaneti.

Lakini tangu tarehe 1 Januari 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya vyakula vipya yataka kila aina ya mdudu ipate idhini yake kabla ya kuuzwa kwa watu. Nzige wa aina moja, nyenje wa nyumbani na viluwiluwi vya aina mbili za mende wa unga wamepata idhini tangu mwaka 2021. Senene wa Bukoba hawamo. Bibi aliyewala miaka sabini na hakuumwa hata tumbo hawezi kutoa ushahidi mbele ya afisa wa forodha. Afisa hutazama orodha.

Twalileta jambo hili kwa sababu ndilo fumbo la wengi wetu. Twadhani kitu kilicho kizuri kwetu kitapokewa kuwa kizuri kila mahali. Sabuni ya karafuu, mathalan, Ulaya huhesabiwa kuwa kipodozi, na kipodozi hakiuzwi kule bila ya kuwapo mtu au kampuni ndani ya Umoja huo yenye dhamana yake. Marekani hutaka ipewe taarifa kabla ya chakula chochote cha kuuzwa hakijawasili, hata kikija kwa posta. Sharti hilo lipo tangu Desemba 2003, na namba ya taarifa yapasa ifuatane na kifurushi. Mafuta ya viungo nayo, kwa kuwa ni majimaji, huulizwa karatasi ya usalama kabla ya kupanda ndege. Kahawa sasa imewekewa na Ulaya sheria ya mwaka 2023 ya kuonyesha shamba ilikotoka kwenye ramani, ili ijulikane msitu haukukatwa. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wakulima wa Kagera wamekwisha anza kupimiwa vibanja. Karafuu na vanila hazimo katika sheria hiyo.

KARATASI NDOGO YENYE MANENO MACHACHE

Sasa tufike kwenye jambo gumu.

Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, tulikaa na mzee mmoja wa chama cha msingi cha kahawa. Tulimsimulia habari za mjane wetu na kifurushi chake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Waitu, ile karatasi ya forodha aliijaza nani?"

Tukanyamaza kidogo. Kisha tukamjibu kweli. Tuliijaza sisi.

Wanachama wenzetu, msijue jambo hili kwa kunong'onezwa, lijueni kwetu. Mwenzetu alikuja ofisini akiwa hajui kujaza karatasi ile. Sisi, kwa kutaka kumsaidia, tuliandika "zawadi", na mahali pa thamani tukaandika dola 20. Tulikuwa tumesikia kwamba Ulaya zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 haitozwi kitu, tukaona tumemwokolea mnunuzi fedha. Watu wa forodha walipofungua, walikuta paketi 24 zilizo sawasawa, zimechapwa jina na bei. Zawadi gani hiyo? Kifurushi kikarudishwa. Na lau kingepotea kabisa, fidia ingehesabiwa kwa zile dola 20 tulizoziandika, wala si dola 96.

Yule mzee hakutulaumu. Alisema tu kwamba chamani kwao mtu akileta kahawa yenye mawe hurudishiwa gunia lake mbele ya watu, na kwamba karatasi yenye uwongo ni gunia lenye mawe. Sisi tuliosoma chuoni tangu udogoni, tukafundishwa kupima kwa haki, hatukuwa na la kujibu. Nauli ya kifurushi kile tumekwisha mrudishia mwenzetu kwa mshahara wetu, na deni lililobaki twaendelea kulilipa.

Basi haya ndiyo ya kuandika, nayo ni machache. Karatasi ya posta iitwayo CN 22 ni ya vitu vya thamani ndogo. Thamani ikizidi, hutumika CN 23. Andika kitu chenyewe kwa jina lake kamili: usiandike "viungo", andika "mdalasini uliokaushwa, paketi 10 za gramu 100". Andika thamani ya kweli. Andika kwamba ni bidhaa ya kuuzwa. Kisha andika namba ya bidhaa itumiwayo na forodha za dunia nzima, maana namba husomwa hata na asiyejua lugha yako. Zikate mkazibandike ukutani:

Pilipili manga, 0904.
Vanila, 0905.
Mdalasini, 0906.
Karafuu, 0907.
Kungumanga na iliki, 0908.
Kahawa, 0901.
Sabuni, 3401.
Vikapu, 4602.

Mwisho, weka risiti ya posta. Ina namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi TZ. Kwa namba hiyo kifurushi hufuatwa kokote kiendako, na mnunuzi akitumiwa namba siku hiyo hiyo hupata subira. Asiyepewa namba huona kila siku ni mwezi.

NJIA YA MKATO

Labda msomaji atauliza: kwa nini mtu wa Bukoba asipitishe mzigo Uganda? Mpaka wa Mutukula uko karibu, na Kampala ni karibu mno kuliko Dar es Salaam. Tuliuliza hilo. Wapo waliofanya hivyo kwa kahawa, usiku, na serikali imepambana na magendo hayo kwa miaka mingi. Sisi hatuna haki ya kuwacheka, kwani majahazi ya karafuu za Pemba yaendayo pwani ya Kenya gizani twayajua sote. Faida yake ni ya haraka. Lakini mzigo wa magendo hauna cheti cha ulikotoka, na mnunuzi wa leo wa Ulaya au Marekani hulipa zaidi kwa sababu ya cheti. Ukiuza usiku, umeuza bila jina. Kahawa ya Kagera ikifika nchi nyingine kwa magendo huwa kahawa ya nchi hiyo.

KAPU MOJA

Je, wao wamefanyaje? Kahawa yao kubwa haiendi kwa vifurushi. Chama chao kikuu kilianza mwaka 1950 kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union, na leo ni KCU, chenye vyama vya msingi Bukoba, Muleba na Misenyi. Mkulima mmoja huleta magunia mawili au matatu ya maganda. Peke yake asingeweza kujaza hata kona ya kontena. Magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2, ndiyo hujaza kontena moja la futi 20. Karatasi za mzigo huo ni seti moja, na gharama yake hugawanywa kwa wote.

Hapa ndipo siri yote ilipo. Karatasi hazijui uzito. Tuseme kwa mfano cheti, taarifa na safari za ofisini zagharimu shilingi 60,000. Ukituma kilo 1 ya mdalasini, kilo hiyo imebeba 60,000 yote. Ukituma kilo 20 pamoja na wenzako, kila kilo imebeba 3,000. Ndiyo maana mama wa vanila alitushauri tusiwakimbilie walaji arubaini wa nusu kilo. Tutafute duka moja la kilo 20, lenye leseni na wakala wake, hata kama bei yake ni ya chini kidogo.

Kwa hiyo kamati italeta mbele ya mkutano mkuu ujao mambo manne, nanyi mtayapima.

Kwanza, mizigo ya ng'ambo ya wanachama ikusanywe ofisini mara moja kwa mwezi, ipelekwe pamoja. Pili, karatasi zijazwe mbele ya mwenye mali na mwanakamati mmoja, zisomwe kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi. Katibu asijaze peke yake tena. Tatu, kabla ya mwanachama kupokea fedha za mnunuzi, maswali matatu ya mama wa Bukoba yaulizwe na majibu yaandikwe katika daftari. Nne, vitu vinavyotaka cheti cha afya ya mimea viulizwe mapema Wizara ya Kilimo, kama wenzetu wa bara wanavyouliza TPHPA.

Twajua woga wa wengi wenu. Mtasema, tukikusanya mizigo, fedha zetu nazo zitakusanywa, na fedha zikikusanywa hula na mdomo zikapata. Woga huo si wa kijinga. Vyama vingi vimekufa kwa hilo, visiwani na bara. Kwa hiyo twapendekeza fedha zisipite kwenye chama kabisa. Kila kifurushi kiwe na jina la mwenyewe, na mnunuzi amlipe mwenyewe. Chama kitoze ada ya karatasi na nauli tu, na hesabu yake ibandikwe mlangoni kila mwezi.

Wapo pia watakaosema kwamba kungoja mwisho wa mwezi ni kumpoteza mnunuzi. Huenda wengine watapotea. Lakini mnunuzi aliyeambiwa kweli tangu mwanzo, kwamba mzigo watoka tarehe fulani na ushuru ni kiasi fulani, ndiye anayerudi mara ya pili. Mama wa vanila ana mnunuzi mmoja aliyeanza na gramu 100, na sasa huagiza kilo kadhaa kila mwaka.

Tulipokuwa twaagana pale bandarini Bukoba, alitupa fungu dogo la vanila limefungwa kwa karatasi ya nta, akasema tumpelekee yule mjane. Tulimwuliza tuandike nini tukiulizwa njiani. Akacheka, akasema, "Hiyo, Bwana Katibu, ndiyo zawadi. Andikeni zawadi."

Fungu hilo tumelifikisha. Mjane wetu amekubali kujaribu tena, kwa sharti moja, kwamba safari hii karatasi aisome yeye mwenyewe kabla haijagongwa muhuri. Kifurushi chake kitakuwa cha kwanza katika kapu la pamoja, mkiliridhia. Njooni mkutanoni, na kila mwenye risiti ya kifurushi kilichopotea au kilichorudi aje nayo, tuione imeandikwa nini.

Wenu katika kazi,
Katibu